Usioshe Kabla ya Kuuliza

Jumatatu, 3 Machi

Wamenicheka. Watu wazima kabisa!

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa kinachemka. Leo asubuhi nilijiunga na kundi la wakusanyaji wa sarafu kwenye simu. Nilikuwa na shida moja tu: kuuliza sarafu ya Babu ni ya wapi. Babu alikuwa fundi saa. Tangu afariki, karakana yake hapa mbele ya nyumba tunaifagia tu na kuifunga. Ndani kuna kopo la biskuti limejaa sarafu ngeni ambazo wateja walikuwa wakimwachia — wasafiri, watu wa magari makubwa, mtu yeyote aliyekuta sarafu ya kwao chini ya mfuko. Babu hakuzitumia wala hakuzitupa. Alikuwa akizitazama kwa ile lenzi yake ya jichoni huku anakula.

Sasa Baba mdogo amepata mpangaji wa karakana. Fundi simu. Kila kitu kitoke ifikapo Jumapili. Kopo linakwenda kwa sonara, likayeyushwe. Bibi alipoambiwa alikunja kile kitambaa cha Babu cha kufutia vioo vya saa, akakikunjua, akakikunja tena.

Aliyesema ni mimi. Mimi! Ambaye nikitumwa dukani naomba muuzaji ndiye aanze kuongea. Nikasema, Baba mdogo, labda hizo sarafu zina maana. Akauliza maana gani. Nikasema mimi sijui, ila kuna watu wanaojua. Akacheka mpaka akashika mlango. "Haya mtaalamu. Niletee mtu mmoja mwenye akili timamu aseme hata sarafu moja tu humu ndani ni ya kuhifadhi, kopo zima nakuachia wewe na bibi yako. Ukishindwa, Jumapili nafunga mzigo."

Basi nikachagua yenye taji la majani. Ilikuwa nyeusi tii. Bibi akachekecha jivu, mimi nikakata ndimu, tukaisugua mpaka ikawaka kama kijiko kipya. Huwezi kukipeleka kitu cha marehemu mbele za watu na uchafu wake. Babu hakuwahi kurudisha saa ya mtu bila kuifuta, hata ile iliyomshinda. Bibi akanishikia sarafu dirishani, nikapiga picha. Nikaandika: "Hamjambo. Naomba kujua hii ni nini na bei yake. Asanteni." Sentensi hiyo niliiandika na kuifuta asubuhi nzima.

Jibu la kwanza lilikuwa picha ya jeneza.

Jeneza!

La pili: "Nani kaiua?" La tatu ni la mtu aliyelalamika kwamba watu wa aina yangu wanaingia bila hodi wala salamu, hawasomi kanuni, upande mmoja wa sarafu, bei, bei, bei. Nilisalimia! Neno langu la kwanza ni hamjambo! Chini yake wengine wakamwaga vicheko, kisha msimamizi wa kundi akaja kuifunga posti yangu. Aliandika "Soma kanuni" akaondoka zake.

Nimeizima simu na kuiweka chini ya mto, kama vile inauma.

Jumanne, 4 Machi

Bibi kaniuliza wamesemaje. Alikuwa ameketi kwenye kile kigoda chake, amejiandaa kabisa kusikia, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wangu.

Nikamwambia wanasema picha haionekani vizuri.

Ningesemaje? Jivu kalichekecha yeye kwa mikono yake. Nimwambie wametuwekea jeneza?

Kanuni nimezisoma. Nilizisoma nikiwa na hasira, natafuta ya kuchukia. Wanataka pande zote mbili, picha isiyotikisika, mwanga utoke pembeni. Upana kwa rula. Uzito kwa mizani. Ukingo nao upigwe picha peke yake. Useme sarafu imetoka wapi na wewe mwenyewe umeshatafuta wapi, usije mikono mitupu ukitaka wengine wakutafutie. Bei isiwe neno la kwanza. Ukijibiwa usifute swali lako, maana kuna mwenzio atakuja nalo kesho. Mtu akikufuata pembeni kutaka kununua, usimjibu. Halafu, kwa herufi kubwa, imesimama peke yake: USIOSHE KABLA YA KUULIZA.

Wanasema ule weusi ndio ngozi ya sarafu. Inaota kwa miaka mingi. Ukiisugua umeichuna, na hairudi.

Nimekaa nikatazama ile sarafu ya taji la majani. Inang'aa. Inang'aa kijinga. Kweli, majani yamelainika, hata siyaoni vizuri kama nilivyoyaona kabla.

Lakini mtu angejuaje? Nani anazaliwa anajua hayo? Sisi tumefundishwa sahani ya jirani hairudi chafu. Wao wamefundishwa kinyume chake, sawa, ni kwao. Ila mgeni akikosea mlango unamwonyesha mlango, humwonyeshi jeneza!

Bibi sijamwambia habari ya kuosha. Aendelee kuwa na raha zake.

Jumatano, 5 Machi

Kuna mtu kanifuata pembeni. Jina lake kwenye kundi ni Mzee wa Hazina. "Pole sana dada kwa walivyokufanyia. Wale wana roho mbaya. Mimi sina makuu."

Naona aibu kuandika hili: machozi yalinilengalenga. Mtu mmoja tu kusema pole!

Halafu akauliza kama ninazo nyingine, nikamtajia kopo la Babu. Akajibu: Kopo lote ni takataka, dada yangu, lakini kwa huruma tu nitalichukua. Halafu: zipo ambazo hamjaziosha? Nyeusi kabisa? Nitumie hizo kwanza. Halafu: usiwaonyeshe kule kundini, watakuchanganya.

Nikasoma mara ya pili. Takataka, lakini anataka iliyo nyeusi zaidi. Huruma gani hiyo inayochagua?

Baba mdogo alikuwa ananyemelea nyuma yangu na bisibisi mkononi, anafungua rafu za ukutani. Kasoma yote begani kwangu. "Huyu sasa ndiye mwenye akili! Mwambie aje na gari." Nikasema hapana. Akasema hapana nini? Nikasema kanuni zinakataza. Akasema kanuni za nani, za wale waliokuzika? Maana jeneza alishaliona, na tangu juzi ananiita Marehemu. "Marehemu, chai iko wapi? Marehemu, nishikie ngazi."

Nikamfungia yule mtu, asiweze kuniandikia tena, mbele ya macho ya Baba mdogo. Nilibonyeza mara mbili, kuhakikisha.

"Unanifukuzia wateja?"

"Kopo ni langu mpaka Jumapili."

Sijui sauti ilitoka wapi. Hata Bibi aligeuka. Baba mdogo akaniangalia kama vile kiti kimeongea, akaenda kuendelea na rafu zake. Anafungua skrubu kwa nguvu zisizohitajika. Nasikia mpaka huku.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nimeandika tena kundini.

Sikupanga maneno, nilikuwa na hasira mno. Nimeandika kwamba nimezisoma kanuni, zote, na nyingine zina maana. Kwamba niliosha kwa sababu nyumbani kwetu kusafisha ni heshima. Kwamba babu yangu alirekebisha saa za watu maisha yake yote na hakuna mteja aliyewahi kuchekwa kwa kufungua saa yake vibaya nyumbani kabla ya kumletea. Na kwamba aliyeweka jeneza ajue mwenye sarafu kweli yuko kaburini, hivyo ahsante kwa kutukumbusha.

Nikatuma. Kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Nikiwa na haya siwezi kuomba hata chumvi. Nikiwa na hasira, kumbe naandika ukurasa!

Niliporudi jeneza lilikuwa limeondolewa. Mwenyewe hajasema samahani, kaondoa tu na kunyamaza. Na kuna jibu la mtu anayeitwa Ukingo. Huyu nimeshamwona kwenye maswali ya wengine, kila mahali anaulizia ukingo wa sarafu na hana salamu. Kaniandikia: "Kuhusu jeneza una haki ya kukasirika. Kuhusu ukingo huna. Picha ya ukingo iko wapi?"

Nilitaka kumrushia simu. Nikapiga picha ya ukingo. Nikapima kwa rula. Nikaweka upande wa pili, nikaeleza na habari ya kopo, ya Babu na lenzi yake wakati wa kula, na sharti la Baba mdogo.

Hakukawia. Akaniambia ni ya nchi gani, akaniwekea na mfano wa isiyosuguliwa nilinganishe. Ni ya kawaida, kasema, zilitengenezwa nyingi kama vifungo vya mashati. Hata isingeoshwa isingekuwa kitu. "Kwa hiyo hujaua mfalme, umeua karani. Unayo nyingine ambayo hamjaigusa? Mtu aliyetazama sarafu kwa lenzi wakati anakula, lazima kuna moja aliyoitenga."

Sikujua kama ipo. Nikamuuliza Bibi.

Bibi akainuka, akaenda karakana, kwenye meza ya Babu, akavuta ile droo ndogo ya chini yenye vioo vya saa. Akarudi na kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya nta. "Hii haikuwa ya kopo," kasema. "Hii alikuwa akinichekeshea nayo."

Sarafu nyeusi. Ina ndege. Ndege ana vichwa viwili! Lakini si kwamba amechorwa hivyo. Kichwa kimoja kiko mahali pake, kingine kimekaa pembeni kidogo, kama kivuli cha kile cha kwanza, na shingo mbili zinapishana. Bibi anasema Babu alikuwa akidai kwamba mgonga sarafu alipiga chafya. Kila mgeni akija anatolewa ndege wa chafya. Bibi alicheka alipokuwa ananisimulia, kisha akaacha.

Uso wake sijaugusa. Nimeishika kwa kingo tu, kama wanavyotaka.

Ijumaa, 7 Machi

Uzito. Hatuna mizani. Nikaenda posta, maana posta wanapima barua. Nilisimama kwenye foleni nikirudia sentensi yangu kimoyomoyo, na nilipofika dirishani ikaniponyoka yote. Nikaisukuma tu sarafu ndani. Karani akaiweka kwenye mizani. Haikuonyesha kitu. Akagonga mizani kwa kiganja. "Binti, mzigo wako hauna uzito." Watu wa foleni wakacheka. Leo sikuwa na nguvu ya kuwakasirikia.

Ikabaki kwenda kwa sonara. Yule yule atakayeyeyusha kopo! Duka lake linanuka moto na sabuni. Nikamwambia — kwa sauti, nilisikika — naomba kupimiwa, siuzi. Akaiweka kwenye mizani yake ya kioo, akanisomea, nikaandika kiganjani. Akaigeuza geuza. "Chafu hii. Lete niitie kwenye dawa, ikitoka hapo utajiona sura." Nikaipokonya mkononi mwake. Kweli, niliipokonya, mtu mzima mwenye mvi! Sikusema hata samahani. Nilisema shikamoo wakati wa kuingia, hiyo itoshe.

Nikarudi, nikapiga picha zote chini ya taa ya Babu, maana nje mvua haikomi. Upande, upande, ukingo. Rula pembeni. Nikaandika imetoka wapi, ilikaa wapi, nimeshatafuta wapi bila kupata. Bei sikutaja. Nikaandika: "Haijaoshwa."

Kundi limelipuka. Yule aliyeniuliza nani kaiua ndiye wa kwanza: "Samahani dada wa hamjambo, hii umeitoa wapi??" Msimamizi mwenyewe, bwana Soma Kanuni, ameibandika posti yangu juu kabisa. Sasa ninyi si ndio mlicheka Jumatatu? Hasira haijaisha, ila imechanganyika na kitu kingine, sijui nikiite nini.

Ukingo hana sherehe. Anasema kuna mambo mawili yanayowezekana. Huenda sarafu hii ilipigwa mara mbili siku ilipotengenezwa, ikateleza kidogo katikati. Hiyo ni ya kuhifadhi, yeye mwenyewe ataandika hivyo kwa jina lake halisi, nimwonyeshe Baba mdogo. Au kuna mtu aliigonga baadaye kwa sarafu nyingine na nyundo, mchezo tu, na hapo ni chuma chakavu. Kitakachoamua ni ngozi. Weusi ukipita sawasawa kwenye vichwa vyote viwili, mpaka ndani ya mikunjo ya zile shingo, vilizaliwa pamoja. Weusi ukikatika kwenye kichwa cha pili, ni nyundo.

Na picha yangu, mahali hapo hapo penye shingo, taa imeacha mng'ao mweupe. Hapaonekani. Nimejaribu tena na tena, taa ni ile ile na kamera yangu ina ufa.

"Subiri jua," kaandika. "Jua la asubuhi, kutoka pembeni. Picha moja tu ya hizo shingo."

Jumamosi, 8 Machi

Mvua kutwa. Nimekasirikia mawingu sasa.

Karakana imebaki meza na ile droo. Baba mdogo anapanga vitu mlangoni. Nimemwonyesha kundi, vile walivyoandika. Akasoma, akarudia kusoma, akauliza huyu Ukingo ni nani, anakaa wapi, mbona hana picha. Kisha: "Amesema ni ya kuhifadhi au amesema huenda?"

"Amesema akiona picha ya jua."

"Basi kesho jua likitoka. Lisipotoka, Marehemu, mimi nina fundi simu anakuja na mizigo yake."

Bibi kaniuliza wanataka nini tena hao watu wako. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa naandikiana na Ukingo kuhusu pembe ya mwanga. Nikamjibu bila kuinua macho: wanataka ionekane vizuri zaidi, Bibi. Kwenye shingo hapaonekani.

"Aa," akasema. "Basi itaonekana."

Jumapili, 9 Machi

Jua limetoka. Zuri, la pembeni, linaingia karakana mpaka ukutani.

Nilikuwa nje namshikia Baba mdogo upande wa pili wa rafu, tunaipeleka ua wa nyuma. Tukaiegemeza, nikarudi mbio kuchukua sarafu. Bibi alikuwa ameketi mezani pa Babu, kwenye stuli yake. Mbele yake kile kitambaa cha vioo, kimetandazwa. Nusu ya ndimu. Kisahani cha jivu.

"Nimeamka nayo mapema," kasema. "Njoo uone. Hata manyoya sasa unayahesabu."

Ndege anawaka. Vichwa vyote viwili vinawaka. Shingo zinawaka.

Nilisimama tu. Maneno yote niliyosoma wiki hii yalinipanda mpaka kooni. Nani kaiua. Umeichuna. Hairudi. Nilikuwa nayo yote, na nilikuwa na hasira ya kuyatosha. Na Bibi alikuwa ananitazama, vidole vyake vimekuwa vyeusi — weusi wote wa ile sarafu uko kwenye vidole vyake na kwenye kitambaa cha Babu.

"Hukupenda?"

Jumanne nilimwambia picha haionekani vizuri. Jana nikamwambia tena. Yeye kafanya kile ambacho angefanya mtu yeyote wa nyumba hii.

"Imeng'aa, Bibi," nikasema. "Imeng'aa sana. Nishikie karibu na dirisha."

Akanishikia, kama Jumatatu. Nikapiga picha. Pande zote mbili, ukingo, kisha zile shingo, kwa mwanga wa pembeni. Kwenye mkunjo kabisa, pale zinapopishana, nimeona uzi mwembamba mweusi ambao kitambaa hakikuufikia. Au ni jivu. Kamera yangu ina ufa, siwezi kujua.

Nimetuma. Nimeandika: "Imeoshwa. Ameiosha bibi yangu, mke wa mwenye sarafu, kwa sababu mimi sikumwambia kanuni yenu. Hakuna kitu kingine cha kuonyesha. Angalieni kwenye mkunjo. Na mtu asithubutu kuweka jeneza."

Naandika hapa hapa kwenye meza ya Babu, kwa sababu nikikaa bure nitapiga kelele. Simu iko kando. Baba mdogo kasimama mlangoni, kopo liko kwapani, anasikiliza gari la fundi simu linaloingia kinyumenyume. Hajasema Marehemu leo. Kauliza mara moja tu: "Enhe?"

Bibi anafuta vidole vyake, kimoja kimoja.

Kwenye skrini imeandikwa "Ukingo anaandika". Inapotea. Inarudi.

"Wanasemaje?" anauliza Bibi.

Nimemwambia bado wanaitazama.